Siku Nilipopimwa Nyonga Mara Tatu

Bwana asifiwe sana, wanajumuiya. Nimepanda mpaka hapa kwa miguu yangu, na kilima hiki cha Kibosho mnakijua. Niacheni niseme nikiwa nimesimama. Kukaa nimekaa vya kutosha.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka kwa ubishi. Nilikuwa na mkungu kichwani, mvua imenyesha, nikateleza mteremkoni. Nilipoinuka nikakagua ndizi kwanza. Nzima. Mwenyewe sikujikagua.

Miezi ikapita, nyonga ya kulia ikaanza kusaga. Mguu ukawa kama unafupika. Nikakata soli ya ndala kuukuu, nikaitia ndani ya kiatu. Baadaye nikaongeza ya pili. Mkanisifu nimepona, kumbe nimejaza kiatu!

Hospitali niliiogopa. Niliwahi kumwona mtu aliyebadilishwa nyonga akarudi na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikasema, bora ufupi wangu ninaoujua.

Mwisho hata kushuka soko la Moshi nikashindwa. Dalali wa ndizi akawa ananifuata nyumbani, ananipangia bei ya mikungu yangu mbele ya ng'ombe wangu mwenyewe. Binti yangu akaniuliza, “Mama, utaishi kwa kuchungulia dirishani?” Akanipeleka.

Daktari alikuwa kijana. “Shikamoo mama.” Akanilaza, akavuta utepe kutoka mfupa wa nyonga mpaka kifundo cha mguu, huku na huku. Akataka kuandika.

“Rudia,” nikamwambia. “Mimi hata mikungu nahesabu mara mbili.”

Akarudia. Kipimo kikatofautiana! Nikamtazama, akanitazama. Akacheka. “Mama, umelala upande.” Akaninyoosha kiuno, akapima mara ya tatu: mguu wa kulia umepungua sentimita mbili. Akasema nyonga imelika, itabidi ibadilishwe; nikamweleza hofu yangu ya mguu mrefu.

Kwenye picha ya eksirei akaweka gololi ya chuma karibu na paja langu. Nikauliza ya nini.

“Picha inakuza mifupa, mama. Gololi hii naijua ukubwa wake. Ikionekana imekuzwa, najua na mfupa umekuzwa kiasi gani. Hapo ndipo napata kipimo cha kichwa cha mfupa wa bandia na kikombe chake.”

Hapo moyo wangu ukatulia. Hata mimi mizani ya mtu siiamini mpaka niweke kwanza jiwe langu la kilo. Kumbe huyu ni mwenzangu!

Lakini mazoea mabaya. Nikamwambia, “Basi mwanangu, nitilie kubwa kidogo, iwe nyongeza.”

“Hakuna nyongeza hapa. Ikizidi kikombe haiingii, ikipungua inachomoka. Na mguu utakaorefushwa kupita kiasi ndio ule uliouogopa.”

Nadhani ni mara ya kwanza nimeshindwa kupatana bei nikafurahi. Nikasaini kukubali upasuaji.

Siku waliponisimamisha baada ya upasuaji nilishika kitanda, nikatua mguu wa kushoto, nikatua wa kulia. Nyayo zote mbili chini, sakafu baridi. Nikatembea hatua kumi. Nikageuka nikazirudia, zilikuwa kumi kweli.

Asante binti yangu. Asanteni ninyi mlionikatia majani ya ng'ombe msimu mzima, na yule aliyenisema kwa ukali, sikutaji, unajijua. Kama kuna mwenye soli mbili kiatuni hapa, nenda ukapimwe. Usipoelewa, uliza. Anayepima kwa haki hakasiriki ukimwambia arudie.

Juzi nimeshuka sokoni mwenyewe. Kubeba kichwani nimekatazwa, kwa hiyo nilikwenda mikono mitupu, nikazunguka meza zote, nikabishana na kila mtu, nikarudi nyumbani bila kununua kitu. Mungu ni mwema.