Mzee Mluzi na Kasuku wa Msitu Wetu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mluzi hata kabla hajawa mzee, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake, na mama yao hakukaa sana akafariki. Marehemu ndiye aliyemlea mdogo huyo, akimbeba mgongoni kila aendako mpaka wenzake wakamcheka.

Alianza shule mwaka 1962. Alikaa karibu na dirisha, na ndege akilia nje, yeye humjibu kwa mluzi. Mwalimu alimtoa darasani mara nyingi, adhabu ambayo kwake ilikuwa raha tupu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa askari wa misitu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwahesabu kasuku wa kijani, ambao hawapatikani kokote ila katika msitu wa kisiwa hiki, na hutaga ndani ya mashimo ya miti mikongwe. Aliwahesabu kwa mluzi: akipiga, dume hujibu kutoka kwenye mti wake.

Mwaka 1981 alimuoa muuguzi, baada ya kumpigia mluzi chini ya dirisha la wodi mpaka matroni akachoka. "Hebu kamjibu huyo ndege wako," alimwambia binti, "wagonjwa walale!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mdogo wake aliishi kwa kutega ndege na kuwauza. Marehemu alijua, akafumba macho. Mwaka 2009 mdogo huyo alimfuata msituni kimyakimya, akisikiliza mluzi na majibu yake, na kabla ya mvua kuanza makinda wote walikuwa wameshatolewa mashimoni. "Mimi ndiye niliyemwonyesha kila mlango," marehemu alimwambia mkewe. Hakupiga mluzi tena, si msituni wala nyumbani. Miaka ikapita, ikabaki jozi moja tu inayotaga. Mti wao waliujua yeye na mkewe tu.

Mwanzoni mwa Juni 2023 alilazwa kwa homa ya mapafu. Homa ilipopanda alianza kuweweseka: "Ukivuka kijito, shika kulia..." Mkewe alimziba mdomo kwa kiganja. Ng'ambo ya kitanda alikuwa ameketi mdogo wake.

"Shemeji, mwache apumue," alisema.

Mkewe, muuguzi wa miaka yote hiyo, aliona aibu akaondoa mkono. Marehemu akaeleza njia yote, hadi mti, hadi shimo lenyewe. Mkewe na shemeji yake hawakutazamana. Alifariki tarehe 21 Juni, mdogo wake akiwa amemshika mkono na kulia kwa sauti.

Familia ilibishana kama haya yasomwe. Mjane aliamua yasomwe, nasi mabinti zake tunayasoma. Jana alikwenda mwenyewe hadi kwenye mti: kasuku wapo, na makinda wawili.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, aliyesimama hapa mbele yetu. Alimpenda mpaka pumzi ya mwisho, nasi tunampenda.

Baba mdogo, mti huo sasa mnaujua wewe na mama tu. Makinda wakikosekana, hakuna mwingine tutakayemuuliza.

Mungu ampokee baba yetu, alale bila wasiwasi.