Fundi Noa Aliyekataa Kumrudisha Mke wa Mkata Mkonge

Wapendwa, mimi ni Kristofa, mdogo wake marehemu wa kufuatana. Nimepewa kazi hii kwa sababu sauti yangu inafika hadi barabarani, na kwa sababu mwalimu aliyetakiwa kusoma alitaka kuruka mambo fulani. Mimi siruki. Mzee wetu wa kanisa ameniomba niseme tu kwamba Noa alikuwa fundi cherehani mwema. Fundi cherehani alikuwa, ndiyo. Wema wa suruali zake waulizeni waliozivaa. Lakini Noa Fanueli Shemdoe alikuwa mtunzi wa hadithi, na leo tunamzika mtunzi. Asiyependa azibe masikio, mikono anayo.

Marehemu alizaliwa Bumbuli, Usambara, tarehe 14 Machi 1912, mtoto wa pili wa Mzee Fanueli na Mama Ruthi. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kusema mpaka majirani wakamwonea huruma. Alipoanza, huruma wakamhamishia mama.

Alisoma shule ya misheni palepale Bumbuli, akamaliza darasa la nne mwaka 1926. Mimi niliishia la pili. Nilikuwa nimeshajua kuandika jina langu, nikaona mengine ni mapambo. Siku moja mwalimu aliwaambia waandike safari ya sokoni. Wenzake wakaandika ndizi na viazi. Noa akaandika habari za mbuzi aliyekataa kuuzwa. Akaitwa mbele.

"Noa, huyu mbuzi ulimwona?"

"Nilimwona, mwalimu."

"Alikataa vipi?"

"Alilala chini."

"Halafu?"

Fimbo alichapwa vilevile. Lakini kaka alituambia hakuisikia, maana mwalimu alikuwa ameuliza "halafu." Tangu siku hiyo hakutafuta sifa nyingine duniani ila hiyo moja.

Mwaka 1930 aliteremka Tanga kukata mkonge. Alimaliza vipande viwili vya kazi, kila kimoja siku thelathini, miiba ikamshinda, akajifunza ushonaji. Mwaka 1936 akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka moja mtaa wa Usagara, palepale Tanga, na hapo ndipo alipofanya kazi zake zote mbili.

Watu huuliza mtunzi hutunga vipi. Wengine wanadhani anakaa peke yake anaangalia mawingu. Kaka yangu alitunga mguu ukiwa kwenye pedeli, macho kwenye pindo na mdomo kwa mteja. Anamsimulia huyu. Mteja akiuliza, "Halafu ikawaje, fundi?" kipande hicho kinabaki. Mteja akiuliza, "Suruali yangu je?" kipande hicho kinatupwa, hata kiwe kizuri namna gani. Kesho anamsimulia mwingine, vilevile tena, mpaka apatikane mtu aliyesahau amefuata nguo gani. Hapo ndipo alipochukua penseli na kuandika, kwenye karatasi zilezile za kukatia vipimo. Hadithi nzuri zote za Noa zina alama ya bega la mtu.

Tarehe 6 Mei 1944 alifunga ndoa takatifu na Bertha, binti wa Mlalo, huyu hapa mbele yenu. Shemeji, nasema na lile la ubatizo. Usinikonyeze.

Pasaka ya mwaka 1951 ilikuwa ubatizo wa mtoto wao, Anjela. Marehemu alitoka asubuhi kwenda kumpelekea mteja koti, akakuta watu wanabishana kisimani, akakaa kusikiliza. Alipofika kanisani mtoto ameshabatizwa, kichwa kimeshakauka, wageni wanakula. Shemeji hakugombana. Alirudi nyumbani Nguvumali, akaingia ndani, akafunga mlango. Noa akasimama nje amevaa koti lake la harusi, anabembeleza. Kidogo, mlango ukafunguka. Kaka akatabasamu, akanyanyua mguu aingie. Shemeji akainama, akaokota mwiko aliousahau kibarazani, akafunga tena.

Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Noa naye alikuwa amesimama palepale, midomo inacheza. Nikamwambia, "Kaka, unasali?" Akasema, "Nyamaza. Nimepata mwisho."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akamwomba mkewe radhi mbele ya watu wote. Akafunguliwa mlango. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Basi mwisho huo ulikaa miaka miwili unatafuta mwanzo wake. Ukaupata kwa mke wa mkata mkonge mmoja mlevi, mume ambaye kila mwezi anamaliza posho kilabuni na kurudi na ngumi. Mke anahama, anapanga chumba chake. Mume anamfuata kumbembeleza. Hadithi hiyo mnaijua. Nani hapa haijui? Ndugu yetu Hatibu yuko pale nyuma. Mkesha wa Idi alifuata kanzu yake, akasimuliwa mpaka mahali mlango unafunguka, mteja mwingine akaingilia. Kesho yake aliswali Idi na kanzu ambayo mkono mmoja umeshikizwa kwa pini. Alipotoka msikitini alikuja moja kwa moja barazani, na sisi tukajua leo fundi anapigwa. Hatibu akasema, "Mkono acha. Yule mwanamke alimwingiza?"

Vijana waliotaka kuwa waandishi walikuwa wakija kwake. Aliwaambia waanze pale mtu alipokasirika, siyo pale jua linapochomoza, kwani jua limechomoza bila wao miaka yote. Mmoja akamuuliza, "Fundi, maneno unayapata wapi?" Akajibu, "Kwa watu wanaongoja. Mtu anayengoja nguo hukwambia mpaka ya mama mkwe." Alisema hadithi msomee mtu asiyekupenda, maana mama yako atasema tamu hata ukimsomea bei ya sukari. Na akija mkubwa akakwambia badilisha, msikilize vizuri. Amekuonyesha uongo wako? Badilisha leo. Amekuonyesha woga wake? Mrudishie, ni mali yake.

Wakubwa wakaja kweli. Mwaka 1955 alipeleka hadithi hiyo ya mke wa mkata mkonge kwenye kamati moja ya vitabu. Jibu likaletwa na karani wao, Bwana Miraji, mtu mpole: kitabu kitachapishwa, ila mke lazima arudi kwa mumewe, wasomaji wasije wakajifunza ukaidi. Noa akakataa. Wakamwomba tena, akakataa tena. Msidhani hakukitaka kitabu. Alikitaka! Alikuwa akipita makusudi mbele ya duka la mchapaji ili anuse wino. Mimi nilimcheka, nikamwambia atajipaka masikioni kama marashi.

Mwishoni mwa mwaka 1956 alianza kukohoa. Mwaka huu mwezi wa Julai akalazwa hospitalini hapa Tanga, kifua. Septemba Bwana Miraji akaja hadi kitandani.

"Fundi, ni ukurasa mmoja tu. Weka sahihi, Desemba kitabu unakishika mkononi."

Sote tulijua Desemba hatuna hakika nayo. Shemeji mwenyewe akasema, "Baba Anjela, ukurasa mmoja. Nataka ukione."

Kaka akamgeukia. "Mama Anjela, mimi ulinifungulia lini?"

"Ulipoomba radhi."

"Huyu mlevi wangu hajaomba. Nimemngoja miaka minne asimame aombe. Hajaomba. Nimwingizeje?"

Bertha akamtazama sana. Halafu akachukua kofia ya Bwana Miraji pale dirishani, akampa mwenyewe mkononi kwa adabu kabisa.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1957, saa kumi alasiri, akiwa na miaka arobaini na mitano. Kitabu hakukishika.

Ameacha mjane, Bertha. Watoto wawili, Anjela na Fanueli mdogo. Mama yetu, Mama Ruthi, aliyeteremka kutoka Bumbuli na amekaa pale kwenye mkeka. Mimi mdogo wake, niliye mzuri wa sura kuliko yeye. Na wateja wa Usagara, ambao baadhi yao nguo zao ziko bado kwa shemeji, hazina vifungo.

Sasa shikeni hizo karatasi za ibada mlizopewa mlangoni. Mzee wa kanisa alisema nafasi ya kuchapa mwisho wa hadithi ya Noa haitoshi. Nikamwambia mchapaji atoe wimbo wa nne, ambao hakuna anayeujua, na picha yangu, ambayo ni hasara kwenu. Kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya jina la Noa Fanueli Shemdoe, kuna maandishi yaliyochapwa kwa wino ule ule aliokuwa akiunusa. Nasoma:

*Mlango ukafunguka. Mume akatabasamu, akanyanyua mguu. Mwanamke akainama, akauokota mwiko wake, akaingia, akafunga.*

Hatibu, umejibiwa kwa maandishi. Bwana Miraji, nimekuona hapo ukutani. Chukua karatasi mbili, moja uipeleke kwenye kamati.

Nawe kaka, lala kwa amani. Umechapishwa, na hawakugusa hata neno.