Redio Iliyoapiwa Makka

Baada ya alasiri, benchi letu la mtaa wa Badjanani, nyuma ya msikiti wa Ijumaa, huwa na watu watatu na birika moja. Mimi hukaa pembeni nikanywa kahawa yao na kusikiliza yasiyonihusu. Siku hiyo, Mola anisamehe, nilicheka pia. Soidri alikuja na redio ameifunga kwenye leso. Mwenye duka aliyemuuzia alimwapia kwamba inashika Makka. Kumbe inashika Dar es Salaam tu. Mama yake, ambaye macho yameshakwenda, hajui: kila jioni hutawadha, hufukiza udi, husikiliza Kurani akalia, akidhani yuko mbele ya Al-Kaaba.

— Namshitaki, alisema Soidri. Kesho redio hii inasimama mbele ya hakimu Mfaransa.

— Umechelewa, akasema Mroudjae, tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani. Mama anaisikiliza tangu Ramadhani. Kilichokwisha liwa hakirudishwi dukani.

— Hata kama kimeuzwa kwa uongo?

— Uongo wa nani? Msomaji akimaliza, inatangazwa sabuni. Nani hukimbilia kuizima, mama asisikie?

Soidri akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Nilimhurumia.

— Basi kizimbani mtakuwa wawili, wewe na mwenye duka. Penye wengi pana Mungu.

Aboubacar, jina lake la utani Baharia, ambaye safari yake ndefu iliishia Mutsamudu, kisiwa cha jirani tu, akaweka kikombe chini.

— Mwenye duka hana kosa. Mshitaki aliyeiunda huko Ulaya. Hakuielekeza kibla.

— Redio haina kibla, Baharia, akasema Avoka.

— Ndilo kosa lenyewe. Au mshitakini Mfaransa. Sauti ya Makka ikifika bandarini anaidai ushuru, inageuka kurudi.

— Na hakimu ni Mfaransa. Kesi ya nyani hiyo, unampelekea ngedere.

— Basi aitwe muadhini wa Makka, aape kama aliwahi kusikika kwa kina Soidri.

Tulikuwa tumekwisha mleta muadhini kwa ndege, tunabishania alale kwa nani, alipotokea Zalifa, dada yake Soidri, mikono ingali na maji ya udhu wa mama.

— Kaka, mama yuko tayari, udi unafuka. Anauliza Makka imekwenda wapi, na itarudi lini.

Avoka akamtazama Baharia. Baharia akachungulia ndani ya birika.

Soidri akaifunga tena redio kwenye leso, taratibu, kama anayemfunika mtoto, akamfuata dada yake kwa hatua za haraka. Ilimpasa awahi kabla ya sabuni.