Mikono ya Bwana Zamu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu na ndoo mbili zilizopinduliwa, nje ya kibanda cha kunyolea, mkabala na geti la hospitali. Anayekaa pale anaona kila anayeingia akiugulia na kila anayetoka akichechemea, ndiyo maana wenye kijiwe hujihesabu nusu madaktari. Wasiokosa ni watatu: Kinyozi, ambaye wateja humngojea amalize ubishi ndipo wanyolewe, Mwalimu Mstaafu, aliyestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha watu, na Spika, fundi redio ambaye sauti yake haina pa kupunguzia. Kahawa anauza Mama Birika. Mwenzao wa nne ni Bwana Zamu, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimwalika popote atakwambia ana zamu. Mchana huo alitoka kazini akaja kuketi nao. Jua lilikuwa linachoma, naye kavaa koti, mikono yote miwili kaizamisha mifukoni.

— Lete mkono tusalimiane, bwana, alisema Kinyozi.

Bwana Zamu akamnyooshea kiwiko.

— Kiwiko tena! Spika akapaza sauti. Jana kiwiko, juzi kiwiko. Kwani sisi tumekuwa taka?

— Mambo ya kazi tu, jamani. Usafi.

Uongo mtupu, na mwenyewe alijua. Ndani ya mifuko ile vidole vilikuwa vimepasukapasuka kwenye viungo, ngozi ngumu, nyekundu huku na nyeusi kule, inawasha hadi usingizi unakimbia. Ilianza na kijiwasho chini ya pete. Akaivua pete, kikasambaa. Naye kwa ujuaji wake akaamini ni vijidudu, akavitangazia vita: maji ya moto, sabuni, spiriti, kisha glavu juu ya mikono ambayo haijakauka. Kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ilivyochanika. Nyumbani alikuwa anakula kwa kijiko, na mkewe akimuuliza, anajifanya amechoka.

Mama Birika akamletea kahawa katika kile kikombe chake kisicho na mshikio. Hapo hakuna ujanja, ikabidi mkono utoke. Joto likaingia kwenye mipasuko, Bwana Zamu akaruka, kahawa ikamwagikia benchi.

— Mama yangu! Kinyozi akavuta ndoo yake nyuma. Huo mkono au gome la mti?

— Si kitu. Ukavu tu.

— Ukavu gani unatoa maji? Hao fangasi, bwana. Mimi nawajua, nafanya nao kazi. Wanakaa kwenye taulo.

— Acha kusingizia taulo zako, alisema Spika. Hiyo ni sabuni ya hospitali. Nimeambiwa na mtu wa uhakika, wanachanganya na maji ya betri. Na maji ya betri msinieleze, yalishanitoboa suruali mbele za watu.

— Mtu wa uhakika ndiye nani? Kinyozi akauliza.

— Wa uhakika hatajwi!

Mwalimu Mstaafu akakohoa, kile kikohozi chake cha kuomba darasa litulie.

— Mnaropoka. Hili jambo ni la kisayansi. Mtoto anakaa tumboni miezi tisa, sivyo? Anatoka na joto lake lote. Sasa huyu mwenzetu amewashika wangapi? Lile joto linahamia wapi?

— Mikononi! alidakia Kinyozi.

— Mikononi. Huyu anaungua polepole kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

— Basi apake dizeli, Spika akashauri.

— Dizeli, na joto analo? alihoji Mwalimu. Unataka alipuke wodini?

Wakacheka hadi benchi likatikisika. Bwana Zamu naye akacheka, kicheko cha kutafuta mlango wa kutokea. Ndipo akamwona Mama Birika akikiokota kile kikombe kwa ncha za vidole viwili, akakiweka mbali na vingine, akakimiminia maji yanayochemka. Aibu ikampanda Bwana Zamu mpaka masikioni. Alitaka kumwambia kwamba haiambukizi. Lakini nani alimwambia kwamba haiambukizi? Hakuwahi kuuliza.

Na hiyo haikuwa aibu yake kubwa. Asubuhi ile, alipomaliza kumhudumia mtoto mmoja kabla ya kwenda kwa mwingine, alisimama mbele ya bomba akashindwa kulifungua. Aliogopa maji. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akavaa glavu mpya juu ya mikono ambayo hakuinawa, akaendelea na kazi. Yeye huyuhuyu anayewafukuza wageni wodini kwa kutonawa! Hakuna aliyemwona, na jambo hilo lilikuwa linamla kuliko mwasho wenyewe. Akisema, alihofia, watamtoa kwa watoto wampeleke kuhesabu mashuka stoo.

— Habari zenu, wazee wangu.

Alikuwa mwanamke mwenye chupa ya chai mkononi, anakanyaga taratibu kama mtu aliyejifungua juzijuzi. Bwana Zamu alimtambua mara moja. Ni mama wa yule mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyelazwa karibu na dirisha, kwenye kisanduku cha joto.

— Kumbe ndiko unakopumzikia, kaka, alisema yule mama. Kisha akaiona mikono. Kuirudisha mifukoni kulikuwa hakusaidii tena.

— Tunamtibu hapa, dada, alieleza Spika. Mimi nasema sabuni, huyu anasema taulo, Mwalimu anasema ni joto la watoto.

— Na kule ndani amemwonyesha nani?

Kinyozi akamwangalia Mwalimu, Mwalimu akamwangalia Spika, Spika akaangalia viatu vyake. Mwalimu akafungua mdomo ili asahihishe, hakuona kosa.

— Nauliza tu, yule mama aliendelea. Maana juzi mimi nilikuwa na jipu kwenye kidole, nikalificha. Wewe ulipoliona ulinigombeza mbele ya watu. Ukasema nikamwonyeshe daktari kabla sijamgusa mwanangu. Nilikasirika, kaka. Lakini nilikwenda.

— Sijamwonyesha mtu, alisema Bwana Zamu. Niliona haya. Muuguzi mzima, mikono kama hii.

— Hata mmoja?

— Hata mmoja.

Angeweza kuishia hapo. Yule mama alikuwa ameshaanza kumhurumia, na huruma ile ndiyo iliyomshinda kuibeba.

— Dada, leo asubuhi nilimshika mtoto wako bila kunawa. Nilivaa glavu, lakini sikunawa. Niliogopa maji.

Mama Birika akaliweka birika chini. Yule mama aliitazama mikono, akalitazama geti, akaihamisha chupa ya chai kutoka mkono huu kwenda ule.

— Hukufanya vizuri, alisema.

— Najua.

— Hapana, hukufanya vizuri kabisa. Yule mtoto ana uzito gani hata astahimili uzembe wa mtu mzima?

Bwana Zamu aliinamisha kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka wala kutoa ushauri. Machozi yalimlengalenga naye hakuthubutu kuyafuta, kwa sababu chumvi na vidole vile havikuwa vinapatana.

— Una ndugu hapa karibu? yule mama akamuuliza.

— Sina. Ndugu wa nini?

— Wa kukusindikiza. Inuka, kaka. Utakwenda kwa daktari sasa hivi. Ukimweleza la mikono, umweleze na la asubuhi, wampime na mwanangu. Mimi nitakaa pale nje, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, mpaka utoke.