Ignas Makoye Nkwabi, Mtu wa Kivuko cha Bugomola

Marehemu Ignas Makoye Nkwabi alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika kijiji cha Ulowa, Ushetu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Makoye Nkwabi na Mama Paskalia, wakulima wa tumbaku. Ameuawa barabarani akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Familia ilishauriwa iandike kwamba amefariki kwa ajali, na wengine wakapendekeza iandikwe kwamba Mungu amempenda zaidi. Familia imekataa yote mawili. Mungu hakuichora barabara ile ipite kati ya kisima na shule.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Hesabu alikuwa anaziweza kuliko wenzake, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na jina lake halikutoka. Dada zake hawajasahau siku alipolizunguka bani jipya la kukaushia tumbaku, akilipima kwa hatua zake, kisha akamwambia baba yake, "Baba, ukuta huu utalala." Alifukuzwa na fimbo hadi mtoni. Masika ya mwaka huo ukuta ulilala. Mzee Makoye hakuomba radhi, ila tangu hapo alimwita Fundi.

Mwaka 1987 alianza kazi ya utingo kwenye malori ya Kahama, na mwaka 1991 akapata leseni ya magari makubwa. Migodi ilipofunguka, alisafirisha dizeli kutoka Kahama hadi Geita, safari tatu kwa wiki. Tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa na Apolonia, binti wa mtaa wa Nyasubi, Kahama. Siku hiyo hakumwamini dereva yeyote, akawabeba ndugu zake kutoka Ushetu mwenyewe, akiwa na suti yake kwenye usukani, polepole kama aliyebeba mayai. Walipofika kanisani kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zote na kuanza upya. Watu walinuna, isipokuwa mama mkwe, aliyesema, "Huyu atamfikisha mwanangu uzeeni."

Jumatatu tarehe 14 Mei 2012, saa saba na robo mchana, lori la Ignas lilimgonga Wema, mtoto wa darasa la tatu, pale senta ya Bugomola kwenye barabara ya kwenda Geita. Wema alikuwa ametumwa kisimani na mwalimu wake. Alifia pale pale, na ndoo ikiwa bado mkononi.

Polisi walipima. Walikuta hakuwa amelewa, breki zilikuwa nzima, na mwendo wake ulikuwa ule ulioruhusiwa. Wakamwambia hana kosa, aende zake. Wenzake wakamwambia umesafishwa, tulia. Neno hilo ndilo lililomchoma. Alimwambia mkewe, "Mimi sina kosa, mtoto hana kosa, na mtoto amekufa. Basi kosa limebaki barabarani. Nani anakwenda kulitoa?"

Siku ya tatu alikwenda msibani na kaka yake mkubwa. Alipiga magoti mbele ya Mariana, mama yake Wema, akamwambia, "Mayu, mama yangu, ni mimi niliyekuwa kwenye usukani."

"Wewe ni wa nne," alisema Mariana. "Watoto wanne wamekufa hapo hapo. Madereva watatu wa kwanza hawakuja hata kutoa pole. Wewe umekuja. Haya, utafanya nini?"

Ignas alirudi nyumbani Nyasubi, akakabidhi funguo za lori.

"Tutakula nini, Baba Rhoda?" mkewe alimuuliza.

"Tutaziba pancha," alijibu.

Alifungua kibanda cha pancha pale pale Bugomola, hatua arobaini kutoka alipoangukia Wema. Kwa miaka tisa yeye na Mariana waligonga milango ya ofisi. Bugomola iko karibu na mpaka wa mikoa miwili. Ofisi ya upande huu iliwaambia eneo hilo ni la upande ule, na ya upande ule ikawarudisha upande huu. Katika miaka hiyo waliuawa pale watu wengine kumi na mmoja. Mmoja alikuwa mjamzito.

Mwaka 2021 ulianza kuandaliwa mpango wa pamoja wa mikoa hiyo, wa kutokomeza vifo na majeraha makubwa ya barabarani. Lengo lake liliandikwa wazi: ifikapo mwaka 2035 asife mtu hata mmoja. Ignas aliteuliwa kuwakilisha wananchi. Katika kikao cha kwanza, mhandisi Edward alisema dawa ni kuwaelimisha watumiaji wa barabara. Ignas alisimama.

"Mhandisi, Wema alikuwa na miaka tisa. Utamwelimisha nini ili aache kuwa mtoto? Na mimi niliyemuua nilikuwa na leseni, nilikuwa sijalewa, nilikuwa naijua njia. Utanipeleka semina gani? Tutakosea, leo na kesho. Chora barabara ambayo tukikosea, mtu anarudi nyumbani na michubuko."

Wengine walicheka. Edward aliweka kalamu chini. Wiki iliyofuata alikuja Bugomola na kamba ya kupimia, akakaa kibandani kwa Ignas siku mbili akitazama watu wanavyovuka. Mpango ulipokamilika ulitaja sehemu kumi na mbili za kuanza nazo, na ya kwanza ilikuwa Bugomola: kivuko kilichoinuliwa juu ya lami, vibao vya mwendo wa thelathini, na njia ya waenda kwa miguu. Februari 2023 ulizinduliwa kwa fulana, keki na kwaya. Ignas alipiga picha na viongozi. Picha hiyo ipo sebuleni Nyasubi, na ndani yake anatabasamu. Alikuwa ameamini.

Kilichofuata kisemwe mbele ya jeneza lake. Kwa mwaka mmoja na nusu halikuja hata koleo. Tarehe 9 Septemba 2024 waliweka matuta ya mpira ya majaribio, na kwa wiki saba hakuumia mtu Bugomola. Hata kuku hakugongwa. Tarehe 28 Oktoba matuta yalifunguliwa bolti moja baada ya nyingine, kwa sababu msafara wa wageni ulikuwa unapita na haikufaa warushwerushwe kwenye magari. Iliahidiwa yatarudi kesho yake. Edward ndiye pekee aliyepiga simu kuomba radhi, na familia inamshukuru. Yupo hapa leo. Wengine mpo pia.

Ignas alifuatilia kila wiki. Aliambiwa asubiri bajeti. Aliambiwa wenye malori wanalalamika mizigo inachelewa. Kiongozi mmoja alimwambia, "Mzee, sasa umekuwa kero." Akamjibu, "Nashukuru kwa kuniona." Kuanzia Novemba alisimama kila asubuhi na kitambaa chekundu, yeye upande wa kisima na Mariana upande wa shule, wakiwavusha watoto kwa mikono. Wazee wawili wakifanya kazi ya kivuko cha zege.

Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa 1:20 asubuhi, lori la mchanga lililokuwa likiipita bajaji lilitokea kwa kasi. Watoto sita walikuwa katikati ya barabara. Ignas aliwasukuma. Wote sita wako hai. Yeye alivunjika nyonga na mapaja yote mawili.

Alilazwa Kahama siku kumi na tisa, akafanyiwa upasuaji mara mbili. Siku ya saba aliomba aletewe dereva. Polisi walimleta kijana Onesmo, mwenye miaka ishirini na minne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

Ignas alimwambia akae, kisha akamuuliza, "Ulikuwa unakwenda ngapi?"

"Themanini, baba."

"Kibao kinasema ngapi?"

"Pale hakuna kibao, baba. Sijawahi kukiona."

Ignas alifumba macho. Kisha akamwambia mkewe, "Umesikia, Mama Rhoda? Wasimfunge huyu halafu waende kulala. Alikosea, naye atajibu. Lakini waulizwe kibao kiko wapi." Hasira yake ilikuwa bado nzima, hata sauti ilipokuwa imekwisha. Damu yake ilipata maambukizi, na Jumapili tarehe 24 Agosti, saa kumi jioni, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Apolonia.

Jana Jumanne, ilipojulikana ni viongozi gani watakuja kuzika, gari la kokoto lilifika Bugomola saa tatu asubuhi. Saa saba mchana kivuko kilikuwa kimeinuliwa, kimepakwa rangi, na vibao viwili vya thelathini vimesimama. Saa nne za kazi. Familia imeombwa itoe shukrani katika wasifu huu. Binti yake Rhoda, anayeusoma, alikwenda kukitazama kivuko hicho jana jioni. Alikivuka, akarudi, akakaa ukingoni, akalia kwa hasira, kwa sababu ni kizuri na kimejengwa vizuri, na kumbe ilikuwa inawezekana.

Marehemu ameacha mjane, Apolonia, watoto watatu, Rhoda, Boaz na Asteria, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia Mariana, mama yake Wema, ambaye familia imemweka leo kwenye viti vya wafiwa. Mpango ulitaja sehemu kumi na mbili. Zimebaki kumi na moja. Waheshimiwa mliokuja na mashada, mtazipita nne mkirudi makwenu leo, na watoto watakuwa wanatoka shule.

Pumzika, Baba Rhoda. Bwana akupokee, na mwanga wake ukuangazie daima.