Mwalimu Klachi na Vijana Aliowapa Usukani

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Klachi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu alifika kabla maji hayajachemka.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Sekondari alishika mkia, na ripoti zake ziliandikwa "mvivu". Kumbe alikuwa haoni ubao. Alipopata miwani, akapanda hadi nafasi ya sita.

Mwaka 1974 alianza kufundisha katika shule ya udereva, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba. Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa mama, mwanafunzi wake aliyefeli mtihani mara mbili. Mama yupo hapa, anasema ni mara moja.

Kisa hiki alikisimulia mwenyewe, bila kujipamba. Mwaka 1998 alikuja binti mwenye nywele nyekundu na suruali iliyochanika magotini. Baba akamweka kiti cha nyuma wiki mbili nzima. Usukani akampa kijana mtanashati, mwenye shikamoo ndefu. Siku moja mtanashati huyo akarudi kinyumenyume na kuliangusha geti la shule.

"Hakuangalia kioo," binti akasema kutoka nyuma. "Tangu juzi haangalii."

Baba akampa usukani. Binti akaegesha gari katikati ya mapipa mawili kwa mara moja, akashuka, akamrudishia ufunguo. "Kesho siji, mwalimu. Nimechoka kubebwa kama mzigo."

Baba akamfuata hadi pale geti lilipolala, wanafunzi wote wakitazama. "Mwanangu, nilitazama nywele, sikutazama mikono. Nimekukosea. Naomba urudi."

"Nitakaa mbele?"

"Mbele."

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi mpya alishika usukani siku ya kwanza, awe amevaa nini, awe ameletwa na sifa gani. Binti yule leo ndiye mkuu wa shule ile. Nywele bado ni nyekundu.

Moyo ulianza kumsumbua baba mwaka 2023. Alipolazwa mara ya mwisho, alihudumiwa na nesi kijana mwenye rasta na hereni. Shangazi akanong'ona, "Huyu sindano anaijua kweli?"

Baba akamjibu, "Dada, kaa. Jana amenidunga nikiwa naongea, na sikukatiza hata neno."

Yeye na nesi huyo wakawa marafiki, wakibishana mpira kila asubuhi. Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, baba alifariki akiwa na miaka sabini na minne. Mama alimshika mkono mmoja, nesi yule akamshika wa pili.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na madereva ambao tumeshindwa kuwahesabu. Wengi wameegesha hapo nje, na wameegesha vizuri.

Mungu ampumzishe kwa amani.