Sufuria Isirudi Tupu

Mgeni rasmi, mchungaji wetu, ndugu na majirani,

KARIBU
Karibu sana, mgeni wetu. Viti ni vigumu, lakini mioyo ni laini. Tunashukuru umeacha shughuli zako ukaja kutuona sisi tunaojitolea kusaidia familia zilizoelemewa hapa mtaani.

TULIKOTOKA
Tulianza vibaya, hatufichi. Fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wadogo, mumewe alianguka kutoka jengoni akawa wa kitandani. Jiko likapoa. Tukashona fulana mpya zilizoandikwa “Tunawajali”, tukabeba magunia vichwani, tukaenda mchana kweupe tukiimba. Mtaa mzima ukatoka kutazama.

Yule mama akachungulia dirishani, akaona macho yale yote. Heshima iliyobaki aliipima kila upande, kama kitambaa kisichotosha, akaona haitamfunika yeye na mumewe. Akafunga mlango kwa komeo.

“Mmekosea nyumba,” akasema kwa ndani. “Hapa hajafa mtu.”

Tukarudi na magunia yetu. Kutoa ni moyo, ndivyo tulivyoimba wakati wa kwenda. Kumbe kupokea nako ni moyo, na wa kwake tulikuwa tumeukanyaga.

Kesho yake mpishi wetu akapitia mlango wa uani, peke yake, bila fulana. Aliyapanga maneno njiani, alipofika yakamkauka. Akaona sufuria kubwa imepinduliwa chini, haina kazi.

“Mdogo wangu, hebu niazime hiyo.”

“Kanisa zima hamna sufuria?”

“Ipo, mdogo wangu. Inavuja.”

Ilikuwa haivuji, Mungu atusamehe. Yule mama akamtazama sana. Siku nyingi hakuna mtu aliyemwomba kitu. Alikuwa ameshazoea kuhurumiwa tu. Akainua sufuria akampa.

“Irudi imesuguliwa. Nawajua nyie.”

Ilirudi jioni, ndani mna unga, maharage na chupa ya mafuta. Alifunua kifuniko, akajifuta uso kwa upande wa kanga. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo.

“Hamkuisugua vizuri,” akasema. “Kesho njooni mwazime na ungo.”

TULIPOFIKA
Tangu hapo hatuendi kutoa, tunakwenda kuazima. Majirani wanatucheka: “Watu wa Mungu, hata mwiko hamna?” Tunacheka nao. Mume wa fundi sasa anatembea kwa fimbo, na fundi mwenyewe ndiye anayewafundisha wajitoleaji wapya: bisha, kaa, omba maji ya kunywa, lalamika kidogo kuhusu magoti yako, ndipo uazime. Ametupa ruhusa tuyasimulie haya. Yumo humu ndani, na hatutamwonyesha kidole.

KINACHOTUKWAMISHA
Mgeni rasmi, umeona benchi la mbele liko wazi. Ofisi yako iliagiza familia zikae pale, ziitwe moja moja, zipokee mablanketi na kupigwa picha. Tumeogopa kukuudhi, kwa kuwa baridi ni kali na mablanketi tunayahitaji mno. Lakini leo asubuhi baba mmoja alituuliza, “Nikikaa benchi lile, mwanangu atacheza na nani kesho?” Ndipo tukaliacha benchi wazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi ndio kata.

TUNACHOOMBA
Tunaomba benchi lile libaki tupu, na usione ni dharau. Mablanketi yaache stoo, yatafika, kila moja ndani ya chombo tulichoazima.

Sufuria ya kanisa siku hizi inavuja kweli. Uongo wetu umetimia. Usitununulie nyingine. Tukiwa nayo, tutaazima kwa kisingizio gani?

La mwisho. Chai utakayokunywa sasa hivi imepikwa na kumiminwa kwa vyombo vya kuazima, vya wenye nacho na vya wasio nacho, na hatutasema kipi cha nani. Tunakuomba, ukishakunywa, urudishe kimoja mwenyewe, kwa miguu, bila kamera. Kisirudi kitupu. Tutakuelekeza mlango. Bisha, kaa, omba maji. Ukiambiwa hukukisugua vizuri, usikasirike, baba, ujue umeshapokewa.

Mungu akulinde uendako, na kila mlango utakaobisha ukute mtu wa kukuambia “pita ndani”.

Ni sisi,
Waazimaji wa Kanisa